Rasi ya Entebbe kwa saa za mwalo: pa kwenda na pa kula nje ya fukwe za muziki

Wageni wengi wa Entebbe huishia sehemu tatu: uwanja wa ndege, bustani ya wanyama, na fukwe za kiingilio ambako spika huanza kunguruma saa nane mchana. Mwongozo huu ni wa Entebbe iliyobaki: mialo ya wavuvi (mahali boti za samaki zinapofikia), vibanda vya Kitooro, ng'ambo ya Nakiwogo, kinamasi cha Mabamba na ghuba ya Lutembe. Ni eneo dogo, rasi iliyoingia Ziwa Victoria kilomita 40 hivi kutoka Kampala, na siku mbili zinalitosha.

Kinachowashinda watu hapa ni saa, wala si umbali. Mwalo unaochangamka saa moja asubuhi huwa na mbwa na nyavu tu saa sita. Katogo, zile ndizi za sufuria moja za asubuhi, iliyokuwa ikifuka moshi saa mbili imekwisha saa nne. Boti iliyovuka maji yaliyotulia asubuhi itakulowesha hadi kiunoni alasiri. Hatua zifuatazo zimepangwa kwa saa hizo, na ukizivuruga usimlaumu mpishi.

Kwanza: chagua siku kwa mwezi na kwa mvua

Mukene, yaani dagaa wa ziwa hili, huvuliwa usiku kwa taa. Taa huwavuta penye giza. Mwezi ukiwa mpevu maji yote yana mwanga, taa ya mvuvi inakosa kazi, na boti za mukene hupumzika kwa siku kadhaa. Ukija siku hizo utakuta vichanja vya kuanikia vitupu na mzigo wa zamani sokoni. Njoo mwezi ukiwa mchanga au umefifia. Ngege (ambaye Tanzania wengi humwita sato) na mputa (ndiye sangara) hawategemei mwezi kiasi hicho, kwa kuwa huvuliwa kwa nyavu za kutega na kwa ndoana.

Giza hilo hilo la mwezi huleta pia wadudu wa ziwani, wale wadogo wanaopanda juu kama nguzo za moshi na kusogezwa na upepo hadi nchi kavu. Hawaumi. Ila wakifika usiku huingia kwenye taa, kwenye sufuria na kwenye bia. Ukiona nguzo ile jioni, funga madirisha kabla ya kuwasha taa ya chumbani, si baada yake.

Misimu ya mvua ni Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Desemba. Jambo la kujua ni kwamba mvua ya Entebbe hupenda alfajiri na asubuhi. Usiku hewa ya baridi hushuka kutoka nchi kavu pande zote, hukutana juu ya maji yenye joto, na mawingu hujengeka huko huko ziwani. Radi zikipiga saa kumi na moja alfajiri, lala tena. Mara nyingi saa tatu anga limeshafunguka. Mchana mambo hugeuka: upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu na mawimbi huanza. Ndiyo maana safari yoyote ya boti ndogo katika mwongozo huu ni ya baada ya radi na kabla ya saa sita.

Pili: fika jioni na ulale Kitooro

Kutoka Kampala, teksi za Entebbe (hapa ndilo jina la matatu au daladala) hujaa katika paki kuu za mjini na kupita njia ya zamani: Kibuye, Zana, Kajjansi, Kisubi, Abaita Ababiri, kisha Kitooro. Saa moja ukiwa na bahati, mbili na zaidi ukiondoka kati ya saa kumi na moja na saa mbili usiku, kwa sababu foleni ya Zana na Kajjansi haina huruma. Barabara ya kasi, iliyofunguliwa mwaka 2018, huanzia Busega na ina mkono wa Munyonyo. Wenye magari huilipia tangu Januari 2022, na teksi nyingi haziipiti. Muulize abiria wa jirani nauli kabla kondakta hajafika kwako. Nauli hupanda mvua ikinyesha na kuelekea sikukuu.

Kitooro ndiyo tumbo la Entebbe. Kuna paki ya teksi, soko, vyumba vya kulala vya bei ya kawaida na vibanda vya chakula. Wageni wengi hulala upande wa bustani, kwenye utulivu, halafu hulipia boda kila mlo. Lala Kitooro, ila omba chumba cha nyuma, mbali na baa. Boda za ndani ya mji huwa shilingi 2,000 hadi 3,000. Za Kigungu na Nakiwogo huongezeka kidogo, na usiku zaidi.

Beba noti ndogo: za 1,000, 2,000 na 5,000. Mialoni noti ya 50,000 huonekana kama tusi saa moja asubuhi. Pesa za simu za MTN na Airtel hupokelewa karibu kila mahali, lakini mtandao ukikwama ukiwa umeshakula, shida ni yako.

Kuhusu lugha: Kiswahili kinafanya kazi vizuri kwenye boti, kwa askari na kwa wachuuzi wanaotoka Tanzania na Kongo. Kwa mama wa chakula anza na salamu ya Kiganda. Kuna wazee hapa ambao Kiswahili waliwahi kukisikia kikitoka kwa mwenye bunduki kabla ya kukisikia kwa mwingine yeyote, na hilo halijafutika lote. Sema "Wasuze otya nno, nnyabo" asubuhi, "Osiibye otya nno, ssebo" baadaye, na kwa yeyote aliye kazini "Gyebale ko". Ukishajibiwa, endelea na Kiswahili chako. Wengi watakuitikia kwa kicheko na kukusaidia. Bei huulizwa "Ssente mmeka?", na ukitaka kupunguziwa, "Salako". Mwanajeshi ni "afande", hata kama ni kijana kuliko mdogo wako.

Jioni hiyo ya kwanza kula vitu vyepesi vya barabarani: gonja (ndizi) ya kuchoma, mshikaki wa mbuzi au paja la kuku, na kachumbali. Omba nyama itoke kwenye makaa mbele yako. Ile iliyopangwa kwenye ubao imekuwa ikipashwa na kupoa tangu magharibi, na hapo ndipo matumbo huanza kuuma. Nguruwe huchomwa katika vibanda vyake. Asiyekula aulize kama jiko na kisu ni vya peke yake, kwa sababu kibanda kimoja huweza kuwa na vyote viwili.

Tatu: Kigungu, kabla jua halijapanda

Entebbe iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, kwa hiyo jua huchomoza kati ya saa 12:30 na saa 1:00 asubuhi mwaka mzima. Uwe Kigungu saa moja. Ni ncha ya rasi, upande wa pili wa uwanja wa ndege, na kila mwenye boda wa Kitooro anaijua.

Weka simu mfukoni njiani. Ukipita karibu na uwanja wa ndege, kambi za jeshi au Ikulu, usipige picha hata ya machweo. Jengo la uwanja wa zamani, lile la uokoaji wa mateka wa Julai 1976, limo katika eneo la jeshi na haliingiwi bila ruhusa. Watu hupoteza nusu siku wakieleza picha moja.

Kigungu ina mambo mawili yaliyokaa ubavu kwa ubavu. La kwanza ni mahali walipotua wamisionari wa kwanza wa Kikatoliki, Padre Siméon Lourdel, ambaye Waganda humwita Mapeera, na Bruda Amans, tarehe 17 Februari 1879. Pana kanisa na mnara wa kumbukumbu, na kila tarehe hiyo waumini hujaa. Kama hukuja kwa ibada, epuka siku hiyo. Kama umekuja kwa ibada, lala hapo hapo jirani.

La pili ni mwalo. Boti zilizolala na nyavu hurudi asubuhi. Mputa wakubwa hawatakuwa wako: wanunuzi wameshawekeana ahadi na wenye boti, samaki huingia kwenye barafu na kwenda viwandani. Utasikia mabishano makali juu ya samaki mmoja mnene, na mara nyingi kinachobishaniwa ni bondo, kile kifuko cha hewa cha tumboni kinachosafirishwa hadi China na chenye bei kuliko minofu. Simama pembeni, usishike samaki wa mtu, na usisimame kati ya boti na mizani.

Ukitaka kununua, tafuta ngege. Mtazame hivi:

– Jicho liwe angavu na limejaa. Lililozama au lenye ukungu ni la jana.
– Inua kifuniko cha shavu. Yavuyavu liwe jekundu. Likiwa kahawia au la kijivu, mwache.
– Bonyeza mgongo kwa kidole. Nyama irudi. Shimo likibaki, barafu ilichelewa.
– Tumbo liwe gumu. Tumbo laini lililovimba huharibu ladha hata ukikaanga kwa saa nzima.

Halafu mpime kwa macho. Kisheria ngege asiwe chini ya inchi 11, sawa na sentimita 28 hivi, na mputa asiwe chini ya inchi 20, yaani sentimita 50. Mwaka 2017 wanajeshi waliingizwa kusimamia jambo hili ziwani, na mfuko wa samaki wachanga unaweza kukamatwa mkononi mwako njiani ukirudi. Anayekuuzia kwa bei ya kutupa nyuma ya kibanda anajua kwa nini yuko nyuma ya kibanda.

Usiingie majini. Kichocho kipo, hasa kando penye majani na maji yaliyotulia, kwa sababu konokono wanaobeba vimelea huishi hapo. Ikiwa umelowa, jifute kwa nguvu upesi, na uende kupima wiki sita hadi nane baadaye. Dawa, praziquantel, huua minyoo iliyokomaa. Ukiimeza siku ya pili umejifariji tu.

Nne: katogo, kisha uelewe sahani ya mchana

Rudi Kitooro kabla ya saa tatu. Katogo ni matoke yaliyopikwa sufuria moja na utumbo, maharage au karanga. Ya utumbo ndiyo inayosifiwa, na ndiyo inayohitaji jicho: utumbo uliooshwa vizuri haunuki zizi, na mchuzi wake huwa mzito wenye rangi ya dhahabu. Ukiona maji yamejitenga juu na ndizi chini, sufuria imeongezewa maji kwa ajili ya wateja wa mwisho. Nenda kibanda cha pili. Wenye boda ndio kipimo kizuri: wanakula hapo kila siku na hawana fedha ya kupoteza kwa chakula kibovu.

Asiyependa vizito asubuhi ana roleksi: mayai mawili, kabichi, kitunguu, nyanya, chumvi, vikaangwe bapa na kuviringishwa ndani ya chapati. Kinachoiharibu ni chapati ya jana na nyanya nyingi zinazotoa maji. Simama mbele ya kikaango, onyesha chapati unayoitaka kati ya zile za juu, na useme nyanya kidogo. Kikomando, chapati iliyokatwakatwa juu ya maharage, ni ya siku ambayo fedha imekwisha.

Mchana kuna desturi inayowachanganya wageni. Bei ya sahani huamuliwa na mchuzi, si na chakula. Ukikaa utaulizwa mchuzi gani: nyama ya ng'ombe, kuku, samaki, karanga, maharage. Chakula chenyewe, yaani matoke, posho (ndiyo ugali), wali, viazi vitamu, muhogo na boga, huja vyote pamoja katika bei ile ile mpaka useme hutaki kimojawapo. Ukiagiza "wali na matoke" peke yake, mama atakutazama akisubiri umalize sentensi.

Mchuzi wa kuutafuta kando ya ziwa ni wa karanga uliopikwa na samaki wa moshi, au na nkejje, wale samaki wadogo waliokaushwa kwa kupangwa kwenye vijiti. Nkejje wana miiba mingi na uchungu kidogo wa moshi. Watoto hapa hulishwa samaki hawa, kwa sababu wazee wanawaamini. Mchuzi mzuri wa karanga hauachi mafuta yanayoelea na hauna chembe mdomoni. Luwombo, nyama au kuku aliyefungwa ndani ya jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke, haipatikani kila siku kila mahali. Uliza asubuhi, uwekewe. Ukifika saa tisa utaambiwa imekwisha, na ni kweli.

Kamongo, ambaye hapa huitwa mmamba, utamwona mara chache kwenye sahani kuliko mwaloni. Ukoo mkubwa wa Mmamba haumli kwa kuwa ni mwiko wao, na zamani wanawake wa Buganda hawakumla kabisa. Ukimtaka, uliza kwa adabu kama yupo, usimshangae anayekunja uso.

Tano: samaki wa kukaanga, hatua kwa hatua

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo tutakaa kidogo. Mahali penyewe ni vibanda vya mialoni, Kigungu na Nakiwogo, na Ggaba kwa anayerudi Kampala upande ule. Mezani utaletewa beseni uchague.

1. Chagua ngege mzima. Wa gramu 600 hadi 700 anamtosha mtu mmoja mwenye njaa. Wa kilo moja na zaidi ni wa wawili. Vibanda huuza kwa ukubwa, si kwa mizani, kwa hiyo linganisha wawili watatu kabla ya kunyoosha kidole. Tarajia shilingi 15,000 hadi 25,000 kwa wa mtu mmoja na hadi 40,000 kwa mkubwa, Jumapili juu kidogo.

2. Kubaliana bei yote kabla kisu hakijagusa samaki. Uliza maneno haya: bei ni pamoja na kukaanga? Ni pamoja na chipsi au muhogo? Kachumbali je? Mzozo karibu wote wa mialoni huzaliwa na swali ambalo halikuulizwa.

3. Kataa aliyekwisha kukaangwa. Vibanda vingi hukaanga nusu asubuhi na kuwatumbukiza tena mteja akija. Utamjua kwa jicho jeupe, ngozi iliyojikunja tumboni na mkia uliokuwa mweusi tayari. Si kwamba atakuua. Ni mkavu, na unalipa bei ya mbichi.

4. Atazamwe akiparuliwa magamba, akitolewa matumbo na mayavuyavu, akioshwa kwa maji safi, kisha akichanjwa. Machanjo yawe matatu au manne kila upande, na yafike mfupani. Machanjo ya juujuu ndiyo sababu ya samaki aliyeiva nje huku uti wake una damu. Chumvi iingie ndani ya machanjo.

5. Mafuta yawe moto kabla samaki hajaingia. Sauti ndiyo kipimo: aingie kwa kishindo, asiingie kwa ukimya. Mafuta ya baridi hunyonywa na nyama. Mafuta meusi yanayotoa moshi mkali yamekaanga tangu juzi; hapo agiza wa kuchemsha, ambaye hupikwa na nyanya na kitunguu, bila aibu yoyote.

6. Subiri. Dakika 12 hadi 15 ndani ya mafuta kwa samaki wa ukubwa huo, na pamoja na maandalizi ni nusu saa hadi dakika 40. Akija baada ya dakika kumi, rudi hatua ya tatu.

Mle kwa mkono, ukianzia nyuma ya kichwa kwenda mkiani, maana miiba ya mbavu huelekea chini. Limau na chumvi ya pilipili vinatosha. Mchuzi wa nyanya wa chupa mwachie mtoto. Wenye subira na wenye kichwa kizito cha jana yake huagiza supu ya kichwa cha mputa.

Sita: ng'ambo ya Nakiwogo hadi Mabamba

Siku ya pili iwe ya kinamasi. Nakiwogo ni mwalo wa magharibi mwa rasi, dakika chache kwa boda kutoka Kitooro. Meli ya MV Kalangala huondokea hapo alasiri kwenda Lutoboka katika visiwa vya Ssese na kurudi asubuhi. Kwa ratiba hiyo haifai safari ya siku moja, na kwa kuwa mara nyingine huwa kwenye matengenezo, ulizia mwaloni siku moja kabla. Sisi tunaitafuta ng'ambo fupi ya Buwaya, kwa kivuko cha serikali au boti za mbao. Vuka mapema uwezavyo.

Vaa jaketi la kuokolea na ulifunge mikanda yote. Likikaa begani kama shali halikusaidii. Novemba 2018 boti ya starehe ilizama upande wa Mukono ikiwa na watu wengi kupita uwezo wake, na zaidi ya watu 30 walikufa karibu na ufuko. Boti ikiwa imejaa hadi ukingo unakaribia maji, shuka. Itakuja nyingine.

Kutoka Buwaya chukua boda hadi Mabamba kwa barabara ya vumbi kupitia upande wa Kasanje. Patana kwenda na kurudi, umlipe nusu sasa na nusu mwisho, au utajikuta huko bila usafiri. Anayetoka Kampala kwa gari anaweza kuja kwa nchi kavu bila kuvuka.

Mabamba ni kinamasi cha hekta 2,424, kilichoingizwa mwaka 2006 katika orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Watu huja kumtafuta ndege mmoja: korongo-nyangumi, yule wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu cha mbao. Chakula chake kikuu hapa ni kamongo. Wavuvi wa zamani walimchukia, wakisema ukimwona asubuhi hupati samaki siku hiyo. Leo baadhi yao ndio wanaoongoza wageni na yeye ndiye anayewalisha. Lipa ofisini mwaloni, kwa bei iliyowekwa hapo, si kwa kijana anayekukimbilia njiani. Mtumbwi huchukua wageni watatu hivi pamoja na mwongozaji, kwa hiyo mkiwa wengi gawaneni gharama.

Asubuhi ndiyo saa yake. Mwambie mwongozaji azime injini mapema na aingie kwa upondo kati ya mafunjo. Ndege huyu husimama bila kutikisika kwa muda mrefu sana. Kosa la wageni ni kusogea mpaka aruke, kisha kulalamika kwamba hawakumwona akivua. Kaeni mbali, mnyamaze. Rangi ya nguo haina neno kubwa kuliko sauti. Beba maji na kofia. Juu ya kinamasi hakuna kivuli hata cha dawa.

Saba: Kasenyi au Lutembe, kwa alasiri

Hizi mbili ziko njiani kurudi, na zote hazina haja ya muda mrefu.

Kasenyi huingiliwa kutoka Abaita Ababiri. Ni mwalo wa boti za mbao ziendazo visiwani, wenye magunia, kuku, magodoro na makreti ya soda. Boti hazifiki mchangani, kwa hiyo wapo vijana wanaobeba abiria begani hadi ndani. Hata kama huendi kisiwani, utawaona wakifanya kazi hiyo kwa ustadi. Ukienda, patana kabla hajakuinua, kwa sababu ukiwa juu ya maji huna nguvu ya kupatana, na lipa bila kinyongo: miguu yake ndiyo inayoingia kwenye kichocho badala ya yako. Kasenyi ina kambi ya jeshi jirani, basi omba ruhusa kabla ya picha yoyote.

Lutembe iko upande wa Namulanda, ghuba ndogo iliyoingia orodha ya Ramsar mwaka ule ule wa 2006. Ni ya Novemba hadi Februari tu, wakati buabua mabawa-meupe wanapokimbia baridi ya kaskazini na kutua kwa malaki. Nje ya miezi hiyo usihangaike. Wasikilize watu wa hapo kuhusu njia ya kushukia: mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kiwango cha rekodi, likapanda tena 2024, na fukwe kadhaa za rasi hii zilizo kwenye ramani za zamani zilibadilika umbo au zilimezwa.

Nane: mukene wa kubeba nyumbani

Nunua mwisho, maana harufu yake ni abiria wa ziada. Kuna wa daraja mbili. Aliyeanikwa kwenye vichanja au nyavu zilizoinuliwa hana mchanga na bei yake iko juu. Aliyeanikwa chini mchangani mara nyingi huishia kuwa chakula cha kuku, na wachuuzi wengine humchanganya. Chukua gao, lisugue kati ya viganja juu ya karatasi, uone kinachodondoka. Kisha tazama rangi: fedha inayong'aa ni ya jua la siku moja, kahawia au njano ni ya mzigo uliokamatwa na mvua ukaanza kuchacha kabla ya kukauka, na uchungu wake hautoki hata kwa nyanya kilo. Vunja mmoja. Akipinda badala ya kukatika, bado ana maji, na ndani ya mfuko wa plastiki ataota ukungu baada ya siku chache.

Mfunge ndani ya karatasi kisha mfuko wa kitambaa. Nyumbani, mwaga maji ya moto juu yake, koroga, acha dakika tano ili mchanga utulie chini, umtoe kwa mikono bila kumimina. Rudia mara mbili au tatu. Mkaange mkavu kwanza mpaka akwaruze sufuria, ndipo uweke mafuta, kitunguu na nyanya. Ukija Novemba, kando ya mukene utakuta pia nsenene, panzi waliokaangwa tayari na wanaouzwa kwa kikombe; onja mmoja kwanza, kwa kuwa wenye chumvi nyingi huficha wa juzi.

Ondoka Kitooro kabla ya saa tisa alasiri, au kaa ule tena na uondoke baada ya saa tatu usiku. Katikati ya hapo teksi zimesimama Kajjansi.